Jibu la Jana

Jumatatu, 9 Februari

Seva imelala tena. Ukurasa wetu wa habari za maji haukulala, ndivyo nilivyoutengeneza. Mtu akiuliza kioski gani kina maji na seva isijibu, simu humpa jibu la mwisho ililohifadhi. Bosi amefurahi. Mimi sikufurahi. Jibu la zamani halisemi kuwa ni la zamani.

Jumanne, 10 Februari

Nimemwomba bosi tuongeze mstari mmoja tu: habari hii ni ya lini. Amekataa. Ati watu wakiona "ya jana" hawafungui tena. Nikiwaambia majirani, kazi sina.

Mtaa mzima wa Mishomoroni unaniita Fundi Maji. Nikitoka naulizwa, nikirudi naulizwa. Joto hili na kutabasamu huku, nimechoka.

Ijumaa, 13 Februari

Mzee Athmani, mume wa Bi Zuhura wa mlango wa pili, amefariki alfajiri. Maziko yalipangwa baada ya swala ya Ijumaa. Mapipa yao matupu. Vijana walitaka kuagiza boza, lile lori la maji, Bi Zuhura akawazuia. Simu yasema kioski chetu kina maji, akasema, ya nini gharama?

Wakaenda na mkokoteni. Mfereji wa kioski mkavu. Jibu lilikuwa la jana.

Boza nalo halikupatikana tena. Maiti akangoja kuoshwa. Kila nyumba ikatoa mtungi wake wa maji ya kunywa, nami nikatoa wangu. Amezikwa baada ya alasiri. Naona haya hata kuandika.

Jumamosi, 14 Februari

Nimekaa matangani na wanawake. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana. Bi Zuhura kanishika mkono, kasema ni mambo ya mitandao tu. Mwoga mimi. Kusema siwezi, kuondoka siwezi.

Jumatatu, 16 Februari

Mstari nimeuweka, bila ruhusa. Bosi amepiga simu asubuhi yote. Sijapokea.

Nikaenda kwa Bi Zuhura. Amekaa eda, hatoki. Nikamwambia yote: nilijua, na nilinyamaza. Kisha akauliza simu yasemaje leo.

Nikamsomea. Kioski kina maji. Habari ni ya jana jioni.

"Basi hujui," akasema. "Chukua mtungi, mwanangu, ukatazame kwa macho yako."

Nimekwenda. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo. Nimepanga foleni.