Shati Nililolipunguza

Jumanne, 4 Machi

Salamu, daftari langu. Hujambo? Umelala kwenye droo ya cherehani mwezi mzima bila kuulizwa hali, niwie radhi. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila leo situlii — kitinda mimba wetu ameitwa timu ya taifa! Ya kriketi! Miaka kumi na saba tu! Wenzake wanamwita Kombeo, kwa jinsi anavyouvurumisha ule mpira mgumu. Jumamosi wanasafiri.

Kaja na mashati mawili ya timu. Makubwa! Yalikatiwa wanaume, naapa. Nikamwambia, humu mnaingia wewe na kocha wako na nafasi inabaki. Baba yake akanitazama juu ya miwani: mama watoto, hiyo mali ya taifa, usiitie mkasi.

Nitautia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza. Nilimsimamisha wima, mikono chini, kama ninavyowapima maharusi wangu. Nikabana ubavuni, nikabana kwapani, kitambaa kilichozidi nikakikata. Yamemkaa barabara! Kajigeuza mbele ya kioo, kanibusu, kakimbilia viatu. Wacha wee!

Jumatatu, 10 Machi

Wamefika salama. Mechi ya kwanza wameshinda, ila yeye hakucheza. Alikuwa anawapelekea wenzake maji. Nikamuuliza, kwani mabomba ya huko yamekauka hata waagize mwanangu? Alicheka mpaka simu ikakwaruza.

Jumatano, 12 Machi

Leo hakucheka. Mazoezini mkono wake haupandi. Kumbe kwenye kriketi anayerusha lazima mkono upite kando ya sikio, umenyooka. Kiwiko kikipinda, mwamuzi anaukataa mpira. Kocha kamwambia: Kombeo, unarusha kama anayefukuza kuku jikoni, mkono usiponyooka, Ijumaa anacheza mwingine.

Bega haliumi, anasema, ila kama kuna kitu kinamvuta chini. Anadhani ni woga. Nikamwambia tumwachie Mungu, nami nitasoma.

Nikainuka kuchukua msahafu juu ya kabati. Gauni langu likanibana kwapani, mkono ukagoma nusu njia.

Ya Rabi! Si woga. Ni mimi! Nimempima mikono ikiwa chini, na kazi yake yote iko mkono ukiwa juu.

Alhamisi, 13 Machi

Toka alfajiri nimeishika simu, sithubutu. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, nimharibie mwanangu! Baba yake akaniuliza: utasema wewe, au niseme mimi na kuongeza chumvi?

Nikapiga. Mwanangu, usijilaumu, ni mkasi wangu. Akapaza sauti: Mama! Siku zote hizi najitukana bure! Sikujua analia au anacheka. Yote mawili, nadhani.

Kocha mwenyewe akaja kwenye simu, tukaonana kwa picha. Mama mfupi, sauti kama filimbi. Kumbe wewe ndiye umenifungia mrushaji wangu? Ndimi, mwalimu, nisamehe. Msamaha baadaye, akasema, toa maelekezo.

Kitinda mimba hajui hata kutunga uzi — mtoto wa fundi! Akashona kocha, mimi nikiongoza. Fumua kwapani. Kata mfuko wa ndani wa suruali, ule mweupe, pata kipande cha pembe nne, kiingize hapo. Mishono midogo, mwalimu, hushoni gunia! Akajibu: mama, mimi nilisomea kriketi. Saa mbili nzima. Shati moja tu, na jua la huko limeshazama kabla hajalijaribu uwanjani.

Nimesali rakaa mbili. Naona haya kumwomba Mungu aangalie kwapa, lakini nimemwomba.

Ijumaa, 14 Machi

Amepangwa! Naandika hapa hapa mezani, simu imeegemea kopo la vifungo, baba yake kachukua tasbihi yangu bila kuomba.

Kapewa mpira. Wa kwanza — umekwenda pembeni kabisa. Uwii! Wa pili umepigwa mbali, watu wanashangilia, si wetu. Kocha kashika kichwa. Wa tatu, mwanangu anakimbia, anaruka, mkono unapanda —

Picha imeganda.

Mpaka sasa imeganda. Mkono uko juu, umenyooka, umegusa sikio. Kile kipande cheupe kwapani nakiona waziwazi, na mshono umeshika. Mpira umeangukia wapi, sijui. Baba yake anaitikisa simu kama chupa ya dawa.

Nimechukua simu yake nyingine, nimemwandikia mtoto: Mwanangu, wa tatu ulikuwaje? Ukitoka uwanjani tu nijibu, usikawie.