Prosesa ya Wifi

Ringwani,
Jumapili, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Mwikwabe,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ningekuacha uniamkie. Mimi ni mzima, mahindi yamebeba vizuri, na shemeji yako Heche yuko safarini na lori lake kama kawaida. Habari za Nyamongo na vumbi lenu? Vifua vizima?

Simu nimekublock, na utakaa humo mpaka hasira inishuke. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Barua anakuletea Nyangwine wa bodaboda, usimhoji, hajui kitu.

Nimeona picha. Mkeo Neema kaiweka mwenyewe kwenye status, amesimama ndani ya stationery yake, mkono mmoja kwenye mashine ya fotokopi, mwingine umeshika boksi la prosesa ya kompyuta. Chini kaandika "Mume anayejua kupenda." Nikaikuza picha nikasoma boksi. Ndiyo yenyewe, Mwikwabe. Ile yenye kashe ya ziada, uliyonihubiria mwaka mzima kwamba kwa wacheza gemu hakuna kama hiyo, ukasema ikipatikana ya mtumba Mwanza utanifikiria mimi kwanza.

Sasa mtu anayechapa barua za kuomba kazi na kutoa kopi za vitambulisho, kashe ya ziada ya nini? Kitambulisho kinatoka haraka zaidi? Mimi ndiye ninayecheza. Wewe ndiye uliyenifundisha, tukiwa wawili kwenye kibodi moja, na mama akituita tukale tunajifanya hatusikii.

Sitaki kusema lakini nitasema: nina wivu. Nina wivu mpaka chai naiacha ipoe. Ng'ombe wa mahari waliotoka kwa Heche siku nilipoolewa ndio hao hao waliokwenda kwa kina Neema. Ukoo mzima unajua. Mimi nilitoka nyumbani ili yeye aingie. Akapata vyungu vya mama, akakupata wewe kila siku mezani, nikanyamaza. Leo kafika mpaka kwenye prosesa.

Kimebaki kitu kimoja cha mimi na wewe, lile boma la mama tulilolijenga kwenye gemu. Nyumba ya mama mvua ilishaiangusha, lakini mle ndani imesimama, na jiko lake, na ghala, na ua wa minyaa, na ng'ombe maelfu. Nashukuru siku hizi chache linakwenda laini, hata mifugo yote ikitoka zizini kwa pamoja halikwami tena. Ila nimeona ombi la Neema la kuingia, kwa mara nyingine. Nimelikataa. Mwambie lango la mle nalifungua mimi.

Dada yako,
Wegesa


Nyamongo,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Dada Wegesa, shikamoo.

Sisi tunaendelea vizuri, vifua vizima, vumbi tumeshalizoea. Neema anakusalimu. Najua hutaki salamu zake, lakini amenituma nami nazileta.

Dada, hasira zako ninazijua toka utotoni, kwa hiyo ngoja nikujibu kama fundi. Hapa kwenye chumba changu cha gemu vijana wa machimboni wananiuliza swali hilo hilo kila siku: kashe ya ziada ina faida au tunaibiwa? Nawajibu kwamba inategemea unacheza nini.

Kashe, kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, ni mtungi wa maji ndani ya nyumba. RAM, kumbukumbu kubwa ya mashine, ni kisima, kiko mbali kidogo. Ukipikia watu wawili, mtungi wa kawaida unatosha, hata ukinunua pipa ugali hauivi mapema. Lakini ukipikia msiba, watu wamejaa mpaka nje, kila anayekwenda kisimani anachelewesha wenzake. Hapo pipa la ndani linaokoa. Gemu yenye mambo mengi ya kukokotoa kwa pamoja, huyu ana njaa, yule ana kiu, mwingine anatafuta ndama wake, hiyo ndiyo msiba.

Wewe mashine yako kazi yake kubwa ni gemu ya mpira, na kwenye mpira kinachokubana ni kadi ya picha, ni ndogo. Nikikufungia prosesa hiyo hutaona tofauti. Na kwenye boma mashine yako inaonyesha picha tu, njaa na kiu za ng'ombe haizikokotoi yenyewe.

Kwa hiyo sikukunyima. Kwako ingekaa bure. Naomba unifungulie simu tuzungumze vizuri.

Mdogo wako,
Mwikwabe


Ringwani,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwikwabe,

Hatujambo. Mtungi wako nimeusoma, na pipa, na msiba. Umeandika ukurasa mzima na bado hujaniambia Neema anapikia msiba gani.

Mura, kijana wewe, usinifundishe. Ukiwa na lako la kuficha unaongea sana, mama alikuwa anasema hivyo hivyo. Mwanamke akikupikia vizuri unampa kitenge. Wewe unampa kitu cha dada yako, halafu dada akiuliza anaambiwa kingekaa bure. Basi kikae bure kwangu.

Jumamosi nakuja. Na nakuja kwa desturi, si kwa barua. Unajua kwetu ilivyo: dada ambaye ng'ombe wake ndio waliomwolea nduguye mke, akiingia nyumba ile akaomba kitu kwa mdomo wake, hanyimwi na wala haulizwi cha nini. Sijawahi kuitumia haki hiyo hata siku moja. Nilikuwa naitunza, sikujua naitunzia nini. Sasa najua.

Dada yako,
Wegesa


Nyamongo,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Natumaini ulifika salama, maana siku ile mvua ilikupiga njia nzima.

Naandika kwa kifupi. Ulikuja, ukakaa kwenye kiti cha mlangoni, ukakataa ugali, ukakataa hata kichuri, mchuzi mchungu wa utumbo, ambacho Neema alikihangaikia toka asubuhi kwa sababu anajua unakipenda. Ukaomba. Hatukukuuliza cha nini. Nilitaka kusema neno, Neema akanitazama nikaacha, maana desturi ni desturi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifungua mashine yake, akaitoa prosesa, akaifunga kwenye kitambaa safi, akakupa kwa mikono miwili. Mimi nikamrudishia ile ya zamani.

Ulivyoondoka alienda nyuma ya nyumba. Sikumfuata, nilijua analia.

Umepata ulichokitaka. Na kwa kuwa sisi hatukuuliza, na wewe usituulize kitakachofuata.

Mdogo wako,
Mwikwabe


Ringwani,
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo, ila Heche kakohoa wiki nzima na bado kaondoka na lori.

Prosesa amenifungia Sadock, fundi wa Mugumu. Imewaka vizuri. Nikafungua mpira kwa mbwembwe zote. Mpira ni ule ule. Mchezaji anakimbia vile vile, goli linaingia vile vile, nyasi zimejaa ukungu vile vile. Nimekaa nikaitazama mpaka macho yakauma nikitafuta tofauti. Haya, ulisema ukweli, umefurahi?

Lakini hilo siyo lililonifanya niandike. Boma linakwama. Tangu nirudi kutoka kwako, ng'ombe wanapiga hatua moja wanasimama kama wamesahau waendako, halafu ghafla wote wako mtoni. Moshi wa jiko la mama unaganda hewani. Jana nimetupwa nje ya gemu mara nne.

Sasa niambie kweli, ni Neema? Maana mimi nachukua prosesa, na wiki hiyo hiyo boma linaugua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Kama ana kinyongo aje anitukane mimi, asimguse mama yangu mle ndani. Mwambie hivyo, na usipunguze hata neno.

Dada yako,
Wegesa


Ringwani,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mwikwabe,

Hujambo? Mnaendeleaje hapo nyumbani?

Hujajibu. Nyangwine anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni ukarudi ndani. Simu nimekufungulia. Napiga, inaita tu.

Boma halifunguki kabisa sasa. Naingia naambiwa halipo. Wiki ya pili hii. Jioni nikifunga duka langu la pembejeo nakaa mbele ya kioo na prosesa yangu ya kifahari, sina pa kwenda. Nimecheza mpira nimechoka. Nataka kuona lile jiko. Nataka kukusikia kwenye spika ukinigombeza kwamba nimeacha zizi wazi.

Kama umelifuta, sema. Nitalia nimalize. Ila ukinyamaza hivi nakuwaza umekaa na mkeo mnacheka kitu kingine, mna boma lenu jipya huko, na mimi niko nje ya ua. Hilo ndilo linalonila, nakwambia ukweli. Si prosesa.

Dada yako,
Wegesa


Nyamongo,
Jumanne, 24 Juni 2025

Dada Wegesa, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa, na sikujua kipi kianze. Boma halijafutwa. Lipo. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Zamani boma lilikaa kwenye mashine yangu ya chumba cha gemu. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yote, njaa za ng'ombe, kiu zao, mvua, mahindi, na wewe na mimi tunaingia kama wageni. Mwezi wa nne umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, mashine ikaungua. Diski ikapona. Nikatafuta pa kulihamishia. Mashine zangu nyingine vijana wanaziwasha na kuzizima wanavyotaka. Mashine moja tu hapa kwetu inawaka mchana kutwa hadi usiku na ina betri ya sola, nayo ni ya Neema, ya stationery.

Nikamwomba. Akakubali bila neno. Lakini ng'ombe wamekuwa wengi mno, ukawa unalalamika boma linakwama, na yeye barua za wateja zikawa zinaganda katikati. Ndipo nikaleta ile prosesa. Huo ndio msiba aliokuwa anaupikia, dada. Ulipoandika kwamba siku hizi linakwenda laini, ilikuwa prosesa hiyo. Tayari ilikuwa yako.

Sikukwambia kwa sababu uliapa Neema hataingia boma la mama. Ningekwambiaje kwamba boma zima limo kwenye mashine yake? Tena nilimkataza hata kulichungulia mpaka wewe ukubali, naye hajachungulia. Ndiyo maana anakuletea maombi.

Ulipochukua prosesa, ile ya zamani ikashindwa. Mashine ikawa inamgandia mbele ya wateja. Nimelifunga mimi ili aweze kufanya kazi yake. Yeye alikataa, akasema dada atahuzunika.

Na ile picha yenye maneno "Mume anayejua kupenda." Dada, siku ile nilikuwa nimemwambia, "Hii naifunga kwa ajili ya dada yangu." Ndipo akaniomba ashike boksi apigwe picha. Alifikiri ukiliona utafurahi.

Sina zaidi.

Mdogo wako,
Mwikwabe


Ringwani,
Ijumaa, 27 Juni 2025

Wifi yangu Neema,

Hujambo mama? Umeamkaje, na kazi inaendaje? Mashine yako imeacha kuganda? Mimi mwili mzima, mengine niachie mwenyewe.

Barua hii ni yako. Mwikwabe akiinyooshea mkono, mnyang'anye.

Ndani ya kitambaa chako, nimekifua, kuna prosesa. Nimemwambia Nyangwine aishike kama yai na asipite kwenye mashimo kwa fujo. Mwambie mumeo aifunge leo leo. Boma likifunguka, jambo la kwanza nitakalolifanya ni kukubali ombi lako.

Ukiingia, pita lango la upande wa minyaa, lile lingine lina ng'ombe dume mkali. Jiko la mama liko mkono wa kulia. Utaona stuli mbili, ya karibu na moto ni yangu, hiyo usiikalie. Nitakutengenezea ya tatu. Na yule ndama mweupe aliyezaliwa mwaka jana nimekuandikia wewe, maana umebeba boma miezi yote hii na huna hata mkia wa mbuzi mle ndani.

Kile kichuri bado kinaniuma. Siku nikija kipike tena, safari hii nitakula.

Nisikudanganye, wifi. Nikifikiria kwamba jioni mtakuwa wawili upande huo na mimi mmoja upande huu, wivu unanipanda hapa kifuani. Bado ninao. Ingia hivyo hivyo.

Wifi yako,
Wegesa