Vidonge Tulivyochanganya

Lubumbashi, tarehe 9 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Mko wazima huko Kasenga? Mimi mzima, lakini Hénoc amelazwa, ana mpox. Vipele vimemjaa mpaka kwenye kope, macho hayafunguki. Miaka mitano tu, Mama. Naogopa.

Hapa wanajaribu dawa mpya, nami nikatia sahihi. Kila mgonjwa ana chupa yake. Nyingine zina dawa, nyingine zina vidonge vitupu, na hata daktari hajui nani kapata nini. Sasa usinikasirikie. Kitanda cha pili yuko Tracy, binti wa Claudine. Claudine akaniambia, "Mama Hénoc, batoto beko babili. Tuchanganye tu, kila moya apate ata kidogo." Tukachanganya chupa zote mbili. Leo siku ya tatu tunagawana, na roho haitulii. Nikisema, watatutoa kwenye majaribio, na pengine Hénoc ndiye mwenye dawa ya kweli.

Barua nampa Donat wa lori la samaki. Nijibu upesi.

Binti yako, Régine

Kasenga, tarehe 12 Septemba

Binti yangu,

Milele amina. Sisi wazima, ila habari yako imenikata maini.

Kugawana nilikufundisha mimi. Lakini sahani ya bukari ndiyo hugawanywa, dawa hapana. Kama ni dawa kweli, mnawapa wote nusu, na nusu itaponya nani? Na hao madaktari watawaambia nini watoto wengine, kama nyinyi mmewadanganya? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kwa daktari kabla hujaikunja barua hii.

Mama yako

Lubumbashi, tarehe 27 Septemba

Mama,

Salamu nyingi, na unisamehe kimya changu. Nilikwenda siku ileile. Daktari alishika kichwa: "Mama, muliharibisha kazi yetu." Kisha akasema, "Lakini aksanti kwa kusema." Watoto wote wawili wakatolewa kwenye majaribio, chupa zikachukuliwa. Claudine hakunisemesha siku nne.

Kumbe kitanda hawakutunyang'anya! Serumu ya mshipani, maziwa, dawa ya macho, kuoshwa vidonda kila asubuhi, vyote viliendelea. Juzi Hénoc kafungua jicho moja, akaniuliza mbona nimekonda. Nilipiga kelele hadi Claudine akaja mbio, tukakumbatiana. Tracy naye vipele vimekauka. Jumatatu tunarudi nyumbani.

Nilimuuliza daktari kilichowaponya ni nini. Labda vidonge, labda matunzo, akasema, kwa hawa wawili hatutajua kamwe. Jibu litatoka kwa wagonjwa wengine.

Régine wako

Kasenga, tarehe 30 Septemba

Régine mwanangu,

Mungu asifiwe, asifiwe tena! Barua yako nilishindwa kuifungua, nikamwambia Donat anisomee. Alipofika kwenye jicho nikamnyang'anya karatasi, nikalia mbele ya wateja wangu wote pale sokoni. Jumapili nakuja. Mwambie Claudine nawaletea samaki wakavu, wake na wako.

Nikuambie jambo moja. Ile barua ya kukutuma kwa daktari, lori lilipoondoka nayo nililikimbilia barabarani, nikipiga kelele Donat anirudishie. Nilijisemea, wakimnyima dawa akafa, mimi ndiye niliyemuua mjukuu wangu.

Donat hakunisikia. Nashukuru hakunisikia.

Nkambo wa Hénoc