Fedha za Engozi Tuwape Zimamoto?

Mpendwa Mshauri Prudensia,

Shikamoo. Nakuomba unishike mkono kabla ya mkutano wetu wa mwisho wa mwezi, maana nimefika mahali ambapo kila ninayekutana naye njiani ananiuliza nimeamua nini, na mimi nimeshawapa watu wawili wanaopingana jibu moja, na mmoja wao ni baba yangu mzazi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, ninaishi Kanoni, wilaya ya Karagwe, nalima migomba, maharage na kahawa kidogo, nilimaliza kidato cha nne, na kwa sababu hiyo nilipewa ukatibu wa chama chetu cha engozi nikiwa bado msichana, na sijauachia mpaka leo. Majina ya watu nimeyabadilisha. Kwa wasomaji wako wa mbali, engozi ni machela ya kusuka kwa fito na kamba, hubebwa mabegani na wanaume wanne, na baba, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, huiita ingobyi. Zamani gari la wagonjwa kwetu lilikuwa jambo la kusikia tu, kwa hiyo kila kitongoji kilikuwa na engozi yake, kila nyumba ilitoa mchango na mabega, na mtu akizidiwa lilipigwa yowe, wanaume wakaacha majembe shambani palepale yalipo. Baba yangu, Mzee Theoneste, ndiye aliyeanzisha chama chetu na ndiye mwenyekiti hadi sasa.

Mimi mwenyewe nilibebwa. Juzi nimefungua shajara yangu nikasoma niliyoyaandika tarehe 2 Desemba 1991, nilipotoka hospitali: malaria ilinipanda kichwani mara tu baada ya mitihani, nikawekwa kwenye engozi asubuhi yenye ukungu, nikafunikwa blanketi hadi juu ya kichwa, kwa sababu ndiyo desturi, mgonjwa asipigwe na baridi wala asitazamwe na kila mpita njia, na chini ya blanketi lile sikuona kitu, lakini nilisikia miguu ya wanaume ikikanyaga kwa pamoja na majani ya migomba yakidondosha maji, nikamsikia baba mbele akiita "Bega!" na wale wa nyuma wakawapokea wenzao bila engozi kutikisika hata kidogo, kisha mmoja akanitania, "We msomi, ukipona utatushukuru kwa Kiingereza au kwa rubisi?" Wakacheka wote huku wanapanda mlima, na mimi pamoja na homa yangu nikacheka. Walinifikisha hospitali ya Nyakahanga. Nilipopona baba aliwapikia pombe ile ya ndizi, wakaimba mpaka majogoo. Mshauri, sijawahi tena kujisikia salama kama nilivyojisikia siku ile.

Sasa vijana wana bodaboda, engozi inaning'inia kibandani na kushuka mara chache, lakini michango iliendelea kuingia kwa mazoea, hakuna aliyethubutu kusema tuache, kwa hiyo fedha za chama zipo. Mwaka jana kilifunguliwa kituo kidogo cha zimamoto mjini, na askari wake wakaja kwenye mkutano wa kijiji kuomba tuwachangie vitu viwili, kwanza mafunzo ya huduma ya kwanza ambayo muuguzi angekuja kuwafundisha, pili vifaa vya mazoezi, yaani vyuma vya kunyanyua, kamba, na baiskeli ile ya kukanyagia ndani ya nyumba. Mzee Rwezaura, jirani yetu, akauliza, "Baiskeli isiyokwenda? Yaani unaiendesha mpaka Pasaka na bado uko sebuleni kwako?" Mkutano ukavunjika kwa kicheko, na ombi lao likaishia hapo.

Kicheko kilikoma tarehe 14 Machi mwaka huu. Jiko la Sperancia lilishika moto, yeye akaingia kuokoa magunia yake ya kahawa, na moshi ukamwangusha. Gari la zimamoto lilikwama bondeni kwa sababu kwake ni njia ya miguu tu, askari wakapanda mlima wakiwa na mipira ya maji begani, na walipofika juu mmoja aliketi chini na kushika magoti, hawezi hata kusema jina lake. Wanaume wetu walikuwa wameshamtoa Sperancia, wamemlaza kwenye engozi, wamemfunika blanketi hadi juu ya kichwa, na baba ametangulia mbele na fimbo yake kama zamani. Hapo akaja mbio askari mmoja kijana, Hagenimana, mtoto wa hapahapa kwetu, anahema, anapiga kelele, "Simameni! Mfunueni huyo! Hana hewa!"

Baba akamwambia, "Kijana, huyu ni mke wa mtu. Hafunuliwi njiani."

"Mzee, mtamuua!"

Akalivuta blanketi kwa mkono wake, akamwinua Sperancia akamketisha, watu wote wanaona, nguo zimeungua upande. Sperancia akakohoa makohozi meusi, kisha akaanza kupumua. Wakaendelea kushuka, Hagenimana akiwa amemshikilia mgonjwa ubavuni, lakini wabebaji wetu walivyoshika mwendo wao akashindwa kuwafuata, akawa anaomba, "Taratibu jamani, taratibu," nao wakamcheka, "Afande, kwani wewe ndiye mgonjwa?" Sperancia alipona. Hospitali walisema ilisaidia sana kwamba alipata hewa na aliketishwa mapema.

Mwezi Juni baadhi ya wanachama wakaleta hoja kwamba fedha za engozi tuwape zimamoto, wapate mafunzo na hivyo vifaa, kwa kuwa kazi ya kuokoa watu sasa ni yao. Baba akakataa, anataka tusuke engozi mpya na tuijengee kibanda cha bati. Tulipopiga kura zikalingana, na kwa utaratibu wetu kura ya katibu hupigwa ya mwisho, kwa hiyo mkutano ukaahirishwa ili nifikiri.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Tangu Pasaka baba amevimba miguu na hawezi kulala chali, analala ameketi kwenye mito, akitoka kwenda zizini anasimama mara kwa mara kutafuta pumzi, na nyumba yake iko juu kuliko hata ya Sperancia. Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, nikianguka nani atanibeba?"

"Tutakubeba, Baba."

"Nani? Taja."

Nikataja Adelard, nikamtaja Ainebyona, nikakwama. Wengine wamekufa, wengine wako migodini Geita, na waliobaki wana migongo ya wazee. Baba akanitazama mpaka nikaona haya, kisha akasema, "Sikia. Fedha ile ikienda kwa mfunua watu, siku nitakayoanguka asiitwe mtu wa zimamoto hapa. Nitakwenda kwa ingobyi au sitakwenda." Nami kwa kumwogopa nikamwambia, "Baba, usijali, kura yangu unaijua." Haikupita wiki nikakutana na Hagenimana sokoni, akaniamkia vizuri, akaniuliza kwa upole kama wana tumaini lolote, nikamtazama kijana wa watu aliyemrudishia Sperancia uhai, nikajikuta namwambia, "Mwanangu, usijali, kura yangu unaijua."

Nikiwapa zimamoto fedha, nitakuwa nimezika kitu kilichoniokoa na pengine nimemzuia baba yangu kuokolewa. Nikimpa baba bati lake, itabaki machela mpya isiyo na wabebaji, na ajali nyingine ikitokea nitajibu nini? Nifanye nini, Mshauri?

Katibu wa Engozi,
Kanoni

*

MSHAURI PRUDENSIA ANAJIBU

Marahaba, Katibu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma kwa raha, maana mimi ni mtoto wa Muleba na marehemu mama yangu alibebwa hivyohivyo, sisi watoto tukikimbia nyuma kwa kilio hadi wanaume walipoturudisha. Ya pili niliisoma nimekunja uso.

Umewaambia watu wawili "kura yangu unaijua" wakati wewe mwenyewe huijui. Usijifariji kwamba huo ni upole. Kesho nenda kwa baba yako umweleze utakavyopiga kura, kisha mweleze Hagenimana, kabla hawajakusikia mkutanini wakajikuta wote wawili wametapeliwa na mtu mmoja. Baba atakasirika. Mwache akasirike, mpikie, rudi tena siku inayofuata.

Na uache kuiogopa kura hiyo kana kwamba ndiyo itakayoiua engozi. Vijana walihamia kwenye pikipiki zamani, wengine wakaenda migodini, nanyi mkaendelea kuchanga kama watu wanaowaandalia chakula wageni waliokwisha kuhama mkoa. Ulishindwa kutaja mbebaji wa tatu. Bati halitamzaa.

Lakini baba yako hagombanii bati, na wewe mwanawe ulipaswa kuliona hilo kabla yangu. Amewatangulia wagonjwa wa Kanoni umri wake wote, halafu siku moja, akiwa katikati ya kazi ile, kijana wa umri wa mjukuu wake anamwambia mbele ya watu kwamba ni muuaji. Tangu Machi kuna yeyote aliyekwenda kumwambia asante kwa kumtoa Sperancia mlimani? Hukuandika, na wewe huandika kila kitu.

Kwa hiyo Hagenimana aende kwake na mtu mzima wa ukoo wao, aombe radhi kwa kuwa alimpazia mzee sauti na kwa neno lile la kuua. Kwa kulivuta blanketi asiombe radhi hata kidogo, kwa sababu aliyevuta moshi anahitaji hewa kwanza, nguo atatafutiwa baadaye. Ila hilo la hewa asilieleze yeye, wala wewe na kidato chako cha nne. Umtume Sperancia. Mzee anaweza kubishana na zimamoto mpaka jua lizame, lakini atabishana vipi na mwanamke aliyebebwa na watu wake akimwambia, "Baba, nakushukuru kwa kunitoa, ila kule chini ya blanketi nilikuwa nakufa"?

Kura yako ipeleke kwenye mafunzo, na uweke sharti moja: darasa liwe la wote. Wabebaji wenu waliobaki wakae benchi moja na askari, wajifunze nani afunikwe na nani asifunikwe, nani alazwe na nani aketishwe. Ninyi mna miguu bila elimu hiyo, wao wana ari bila pumzi, na Sperancia nusura afe katikati yenu.

Vyuma na kamba wanunulieni pia, na Mzee Rwezaura amalize kucheka. Askari anayefika juu akihema kuliko majeruhi atampulizia nani pumzi asiyokuwa nayo mwenyewe? Ile baiskeli waiombe kwingine. Mlima wa kwenda kwa Sperancia haudai umeme wala fundi. Waupande kila Jumamosi na engozi begani, gunia la maharage likiwa ndilo mgonjwa, na baba yako awekewe kiti awafundishe kupokezana bila kutikisa. Mabega uliyokosa kuyataja utayaona hapo, yamevaa sare.

Sasa nakuja kwenye jambo uliloliweka karibu na mwisho wa barua, chini ya kura na bati, wakati lilistahili kuwa mstari wa kwanza. Miguu imevimba tangu Pasaka. Analala ameketi. Anasimama kutafuta pumzi kwenda zizini tu. Binti mzima, chama kizima na kituo cha zimamoto mnagombana kuhusu nani atambeba siku akianguka, na sioni katika barua yako yote mtu aliyempeleka kwa daktari akiwa bado amesimama. Mazoea ya engozi yamewafundisha kungoja yowe. Safari hii msingoje.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mkutano wowote, mvalishe koti lake, tafuta gari limsubiri barabarani, na umshushe kwa mkono wako mpaka hapo. Safirini hadi Nyakahanga, umweleze daktari yote uliyonieleza mimi, pamoja na tarehe zake, maana hapo ndipo uandishi wako utakapofaa. Akikwambia anasubiri engozi, mjibu kwamba engozi ni ya asiyeweza kutembea. Mwende polepole, akichoka mpumzike. Atataka kukuonyesha kila kona waliyobadilishana mabega na kila mgonjwa waliyempitisha hapo, na akifika kwako, yule msomi mwenye homa, huenda akasimama kabisa na kusema turudi nyumbani, nimeshapata nafuu. Msikilize mpaka amalize, kisha mshike mkono mwendelee kushuka.