Mkate Niliomnyima Oliva

Dada Spesioza,

Jana mwanao Oliva alimchapa mtoto wa jirani yangu Mama Eliya, tena kwa fimbo ya mbuzi, kwa sababu alikalia mkeka wake. Mama Eliya akaja juu, anataka nimwadhibu. Nikamshika Oliva mkono kwa hasira za kuigiza, nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Wewe ungemfinya kidogo ili jirani aridhike, nakujua. Mimi sikuweza. Ulimwacha mtoto asiye na nguvu hata za kufukuza nzi usoni, leo anapigania mkeka.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana mengi hukuyaona. Tulipomaliza kukuzika Kibondo, Shemeji alimleta Oliva kwangu hapa Kasulu. Bodaboda yake haimwachi akae nyumbani, na mwenyewe uliniambia kule wodini, "Edita, huyu ni wako." Nilimpokea nikiwa sijui pa kuanzia. Miaka mitatu, na nguo za mtoto wa mwaka mmoja zilimpwaya. Tumbo limetuna, makalio yamesinyaa, anaharisha kutwa, na ukimweka chini anabaki hapo hapo ulipomweka.

Kila mtu alikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa moja: mkate.

Unajua tulivyolelewa. Kule Mtabila, kambini kwa wakimbizi, wazima tulikula ugali wa muhogo na maharage, mgonjwa ndiye aliyetafutiwa mkate. Unakumbuka siku uliyojifanya una malaria? Ulijifunika blanketi jua likiwaka, ukatetemeka vizuri sana, Mama akahangaika mpaka akapata kipande. Ukala polepole, ukanipenyezea ganda chini ya blanketi. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Mpaka leo sijui kama Mama alikuamini au alikuhurumia tu.

Basi watu waliokuja kunipa pole kwa ajili yako walikuja na mkate kwa ajili ya Oliva. Mikate, chapati, maandazi, biskuti. Mama naye alitoka Kagerankanda amebeba unga wa lishe aliouchanganya mwenyewe: mahindi, soya, karanga, na ngano nyingi ili mtoto apate nguvu. Alikaa nami, akawa anamnywesha uji kwa kijiko huku akikulilia. Oliva akizidi kukonda, tunaongeza ngano. Akitapika, tunasema tumbo limezoea njaa, tunampa tena. Tulikuwa tunamlisha ugonjwa wake, Dada. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Hospitalini walikuwa wameshampa dawa za minyoo na za kuharisha mara nyingi, wewe mwenyewe ulizinunua. Safari hii nilimpata daktari wa watoto aliyeniuliza mtoto anakula nini, kisha akaniacha niongee. Wakachukua damu, ikapelekwa mbali, tukangoja. Majibu yaliporudi akaniambia kwenye ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, na kikiingia tumboni mwa Oliva mwili wake unaujeruhi utumbo wake wenyewe. Ndiyo maana alikuwa anakula na chakula hakimsaidii. Nikauliza, "Hata andazi moja?" Akasema, "Hata kipande cha andazi." Nikauliza dawa. Akasema dawa ni kuacha, na aache maisha yake yote.

Nikaanza kumtajia vyakula kimoja kimoja, naogopa kila jibu. Muhogo? Ruhusa. Mahindi? Ruhusa. Ndizi, mchele, maharage, dagaa? Ruhusa. Chakula tunachoona aibu kumwandalia mgeni ndicho kitakachomponya mtoto wako. Nilitaka kukupigia simu pale pale nikusimulie. Nilishaitoa simu kwenye mkoba ndipo nikakumbuka.

Daktari aliniuliza pia unga nasaga wapi. Nikamweleza. Kumbe mashine ile ile inayosaga muhogo wangu inasaga lishe za watu zenye ngano, na vumbi linabaki humo ndani. Basi nikatoa kinu. Natwanga muhogo wa Oliva mwenyewe, nachekecha, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Ana sufuria yake na mwiko wake. Mabega yananiuma, na wapita njia wananiuliza kama mashine imeharibika.

Hilo la kinu nalivumilia. Kilichoniuma ni maneno. Unajua watu wanavyomwangalia mama mdogo anayelea yatima. Wanangoja akosee. Mgeni anamnyooshea Oliva chapati, mimi naichukua mkononi mwa mtoto, mtoto analia. Nikimaliza kueleza habari za gluteni, wananitazama kama niliyeitunga asubuhi ile. Mama Eliya alisema kwa sauti, nisikie, "Uchoyo nao siku hizi una jina la hospitali." Hata Mama alinigeukia. "Yoo, Edita! Mwana wa mkubwa wako unamnyima umukate? Sisi tumekula misaada ya watu wasiotujua, na wewe unamnyima wa damu yako?" Niliendelea kutwanga, na siku hiyo unga ulitoka laini kuliko siku zote.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Nisamehe nianze na choo, wewe ni mama utaelewa. Choo kilishika, hakikuwa tena maji. Nilimwita Mama aje kutazama, akaja, akatazama, akaondoka. Baada ya hapo Oliva akaanza kulala usiku kucha. Tumbo likanywea. Halafu uso. Sijui nikuelezeje huo uso. Nilikuwa nimezoea mtoto anayenitazama kama mtu mzima aliyechoka, sasa akawa ananifuata kila ninapokwenda, anauliza hiki ni nini, kile ni nini. Akajifunza kusema "Oya!", ile hapana ya kwetu. Anakataa kuoga, anakataa kuvaa viatu, anakataa kulala. Nikawa nikimsikia anavyokataa, moyo unatulia.

Sikukuu ya kanisani ikatuharibia. Nilikuwa naimba kwaya, Oliva amekaa na Mama. Watoto wote walipewa mkate na soda. Mama alimwona mjukuu wake akiwakodolea wenzake macho, uchungu ukamshika, akammegea. Alisema kidogo tu hakitamdhuru. Kabla ya siku kwisha mtoto alikuwa anatapika, kesho yake tumbo lilikuwa juu tena, kuharisha kumerudi, na ule uso wa zamani umerudi, Dada. Anakaa ulipomweka. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mama, nimeyapanga vizuri. Nilipomkuta amempakata Oliva mapajani, anamfuta mdomo kwa upindo wa kitenge chake, nikaketi kando yake. Aliniambia tu, "Ni mimi." Nikamwambia, "Ni mkate, Mama. Tulikuwa hatujui." Asubuhi nilisikia kinu kinalia uani. Nilipotoka nikamkuta anatwanga, miaka yake yote hiyo, na hakutaka nimpokee mchi.

Sasa yeye ndiye mkali kunishinda. Wiki iliyopita mgeni alifungua pakiti ya biskuti, Mama akamwambia uso kwa uso, "Ukitaka kumpa huyu mtoto zawadi, leta ndizi." Mgeni akanitazama mimi, kama kawaida. Nikamwonyesha Mama kwa kidevu. Tungecheka sana, wewe na mimi.

Oliva ametulia tena. Kliniki wamempima, uzito umepanda. Umepanda kidogo, na daktari amenionya kwamba utumbo hauponi haraka, nisishangae akiyumba. Sishangai. Nina hofu moja tu, nikueleze ukweli: shule. Huko sitakuwepo, na atagawiwa vitu na watoto wenye roho nzuri. Kwa hiyo nimeanza kumfundisha. Namuuliza, "Oliva, mtu akikupa mkate unasemaje?" Anajibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Oya! Naumwa tumbo!" Akimaliza anaomba muhogo.

Pumzika, Dada yangu. Hukukosea chochote kwa mtoto huyu. Ulimpa ulichodhani ni kizuri, nasi tukafanya vile vile. Kuna harusi Jumamosi hapa mtaani na itakuwa na keki kubwa. Nitakwenda naye, amevaa gauni lake, nikiwa na bakuli lake la ugali mkononi, na nitakaa mbele watu wote wanione. Wanaotaka kuniita mchoyo waniite. Nitakuwa mama mdogo mchoyo kuliko wote Kasulu nzima, na mwanao ataishi.

Mdogo wako,
Edita