Andika Kemia, Josepha

Josepha mwanangu,

Hujarudi misani na treni ya Usoke hainingoji. Mama yako mdogo Flavia ameshikwa na uchungu wa kuzaa huko. Viazi vimo chunguni. Mfunge mbuzi kabla hujaenda shule.

Asubuhi uliponieleza alama za mtihani wa Kembriji, kwamba moja ndiyo ya juu, na mwenye jumla ndogo ndiye anayechukuliwa Makerere, nilielewa. Nikakuuliza, "Makerere kwenyewe ni wapi?" Ukasema, "Treni mpaka Mwanza, mama, halafu meli." Nikatoka nje. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Tangu baba yako atutoke, sauti ninayoisikia humu ndani ni yako tu.

Mwalimu anataka jibu leo, masomo gani utachukua. ~~Andika Mapishi, utafundisha hapa hapa Tabora.~~ Hapo nimefuta. Andika Kemia na Baiolojia, kama ulivyotaka.

Jioni usile peke yako, nenda hapo jirani kwa Mama Kasimiri. Kula peke yangu nitajifunza mimi, ukishaondoka.

Mama yako