Kausha Kwanza, Halafu Paka

Hospitali ya Jeshi, Uingereza
18 Februari 1945

Kwa Dada yangu Ardis,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyonga ya Baba imeanza kumruhusu kufika dirishani, na ng'ombe wote kumi na wanane wanakula vizuri. Mimi nalala kwenye shuka safi, nakula mara tatu kwa siku na sina homa. Barua yako ya mwisho wa Desemba imenifikia juma lililopita, baada ya kuzunguka Ubelgiji nzima ikinitafuta.

Umeniuliza swali moja, na umesema hutaki nilizungushe: je, nitarudi nikiwa mtu wa kufanya kazi zizini, au la? Haugland amekupa hadi mwisho wa Machi umjibu. Kama sitaweza, atawanunua ng'ombe wote, na wewe na Baba mtahamia mjini kukaa kwenye vyumba vya kupanga. Nitakujibu kabla sijaifunga barua hii. Lakini jibu limo ndani ya yaliyotokea kule msituni, kwa hiyo nivumilie niyaeleze kwa mpangilio.

Tarehe kumi na sita Desemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mizinga ya Wajerumani ilianza kutupiga. Tulikuwa ukingoni mwa msitu wa misonobari, mimi na watu wangu kumi na mmoja, ndani ya mashimo tuliyoyachimba wenyewe. Makombora yalipasukia kwenye vilele vya miti, na vipande vya chuma na mbao vikashuka kutoka juu. Kulala kifudifudi hakukusaidia kitu; tulijifunza kusimama wima tukikumbatia mashina. Ilidumu dakika tisini. Kisha askari wao wakaja kwa miguu kupitia ukungu. Tuliushikilia ukingo ule siku mbili, tukarudi nyuma maili tatu hadi kwenye kilima chenye ukuta wa mawe, na kutoka hapo hawakutusogeza tena. Walijaribu mara saba. Baada ya mara ya saba vifaru vyao viwili vilikuwa vinaungua barabarani, nasi tukavitazama kwa wivu, kwa kuwa vilikuwa na joto.

Baridi ilituondolea watu wengi kuliko mizinga. Mguu ukikaa ndani ya soksi mbichi siku mbili huvimba na kugeuka rangi. Unauma, halafu hauumi tena, na hapo ndipo mtu anapaswa kuogopa. Kufikia Krismasi kombania yetu ilikuwa imerudisha nyuma watu ishirini na sita wenye miguu iliyoharibika, na kumi na tisa wenye majeraha ya risasi na makombora. Kati ya watu wangu hakuna hata mmoja aliyepoteza mguu, na sababu ni lile kopo lako la kijani.

Ulilitia kwenye kifurushi cha Oktoba kwa ajili ya mikono yangu iliyopasuka. Watu wangu waliposoma kwamba ni mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, walicheka kiasi kwamba luteni alikuja kuuliza nani amepata pombe. Emidio Carfagna, kinyozi kutoka mji wa Providence, alitaka kujua kama akipakwa ataanza kutoa maziwa. Nikamwambia kwa sura ile labda atatoa mtindi. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mama Ng'ombe.

Wacheke, wasicheke, niliwawekea utaratibu wa Baba wa majira ya baridi: kausha kwanza, halafu paka. Niliwaeleza kwamba chuchu ikipakwa ikiwa bado na unyevu, maji hufungiwa chini ya mafuta na baridi huyakuta humo humo. Kila siku saa kumi alasiri, kabla mwanga haujaisha, walivua mabuti wawili wawili. Kila mmoja alimkausha mwenzake, akamsugua, akampaka mafuta kiasi cha ncha ya kidole, kisha akamvisha soksi zilizokaushwa tumboni, chini ya shati. Hakuna aliyeruhusiwa kukagua miguu yake mwenyewe. Askari husema uongo kuhusu miguu yake, kwa kuogopa kuonekana dhaifu au kwa kutaka kurudishwa nyuma, na vyovyote vile ripoti haifai. Luteni aliitangaza kazi yetu mbele ya kombania nzima. Nakiri nilifurahi kuliko nilipopewa cheo cha sajini.

Mwenzangu wa miguu alikuwa Alvah Rusk, mkata miti wa jimbo la Maine. Tarehe ishirini na mbili kipande cha kombora kilimvunja bega, wakamteremsha kwa machela. Yuko hai, ameniandikia. Lakini tangu hapo mimi sikuwa na mwenzangu. Carfagna aliliona hilo kabla ya wengine. Aliniuliza, “Na wewe, Mama Ng'ombe, nani anakukamua?” Nikamwambia ashughulike na vidole vyake. Akanijibu kwamba vyake ni vizuri kabisa, sasa hivi anafikiria kuvichumbia, ila vyangu hajaviona tangu Rusk aondoke. Nikamwambia najikagua mwenyewe. Akaenda zake.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tarehe kumi na tatu Januari tulikuwa tunasonga mbele, theluji mapajani. Tulivuka kijito kwa kuvunja barafu, maji yakatufika magotini. Ng'ambo ya pili luteni alitupa nusu saa. Tulikuwa na blanketi moja kavu, tukalikata vipande, na watu wangu wote wakakaushana na kupakana kama nilivyowafundisha. Zamu yangu ilipofika, vipande vyote vilikuwa vinachuruzika. Ningeweza kumwomba Carfagna shati lake la ndani. Angelivua bila neno. Lakini angeiona miguu yangu. Ilikuwa na mabaka tangu Mwaka Mpya, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka kubaki sajini wa kikosi ambacho hakijaharibikiwa mguu. Kwa hiyo niligeuka upande, nikapaka mafuta juu ya maji.

Nilijua, Ardis. Kidole kikiwa ndani ya kopo nilijua. Ni kosa lile lile nililomfanyia ng'ombe wetu Dagny nikiwa na miaka kumi na minne, nilipokuwa na haraka ya kwenda kuteleza kwenye barafu ya bwawa, nikaacha kumpangusa. Alipoteza chuchu mbili. Wewe ndiye uliyekaa zizini naye, na hukunisemesha siku nne.

Siku mbili baadaye Carfagna aliniona ninavyotembea. Akaniambia, “Kaa chini, Sajini.” Alikuwa hajawahi kuniita kwa cheo, nikakaa. Aliyachana mabuti kwa wembe wake wa kazi, akaikagua miguu, akasema bibi yake alizikwa akiwa na rangi nzuri kuliko hiyo. Baadaye alinitukana kwa Kiitaliano hadi machela ilipofika. Nilistahili yote, hata yale niliyoyaelewa.

Wamekata nusu ya mbele ya mguu wa kushoto, na vidole viwili vya mguu wa kulia. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikutaka kukutumia habari bila jibu, na jibu nilikuwa sina.

Sasa ninalo. Karibu na hospitali kuna shamba la mama mmoja mjane, Bi Tapscott. Nilimwendea kwa magongo nikaomba kukamua. Alisema hakujua kama Wamarekani wana habari kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe. Akanipa kigoda na ng'ombe wake mkorofi kuliko wote. Siku ya kwanza nilikamua wanne. Jana nimekamua tisa, asubuhi na jioni. Ndoo naibeba moja moja, kwa gongo moja. Siku ya kwanza nilimwaga nusu, jana sikumwaga tone. Kupanda ghala la malisho wakati wa barafu sitaweza, wala kufuata plau kutwa nzima. Hizo tutamlipa mtu. Kukamua, kuzalisha, kulisha na kusafisha zizi nitafanya. Nimekwisha kufanya, na Bi Tapscott yuko tayari kukuandikia ushahidi.

Kwa hiyo mwambie Haugland hapana. Akisema kilema hafugi ng'ombe, mkumbushe kwamba Baba hakumuuza Dagny, na kwamba chuchu mbili zilizobaki zilitujazia ndoo miaka sita.

Msalimie Baba, umsomee yote, hata lile la Dagny. Nadhani hadi leo anaamini ilikuwa bahati mbaya. Mimi niombee nipate meli mapema, na kiatu kinachonitosha.

Kopo lako nililiacha kule vitani likiwa tupu. Tafadhali nunua jingine, usinitumie mimi. Mpelekee Koplo Carfagna, anwani nimeiandika nyuma. Kikosi sasa ni chake. Juu ya kifuniko mwandikie kwa mkono wako kwamba sajini naye hukaguliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Orrin Tveit